Hati ya Dharura Isiyo na Dharura

Katika mashindano ya mdahalo wa kibunge yafanywayo na wanafunzi wa vyuo ulimwenguni, ipo kanuni moja iliyozoeleka hata haiulizwi tena. Wasemaji wanane hugawanywa katika makundi manne ya watu wawili wawili; makundi mawili huwa Serikali, na mawili huwa Upinzani. Hoja hutangazwa, saa hutazamwa, na baada ya dakika 15 msemaji wa kwanza husimama. Kila mmoja hupewa dakika 7. Dakika ya kwanza na ya mwisho ni zake peke yake; katikati yake mpinzani aweza kusimama na kuomba nafasi ya kuuliza. Mwisho majaji huyapanga makundi tangu la kwanza hata la nne. Mengi katika utaratibu huu ni mema na yanafaa kuigwa na shule. Dakika 15 za maandalizi si njema, na haifai jambo hilo liendelee kunong'onwa.

Ubaya wake hauko katika ufupi wa muda peke yake. Uko katika fundisho lililofichwa ndani ya ufupi huo, yaani kwamba kutojua si kizuizi cha kusema. Katika dakika hizo kijana haruhusiwi kumwuliza mwalimu wala kufungua mtandao. Aweza kufanya nini basi, ila kukusanya maneno makubwa aliyonayo akilini na kuyavisha hoja yoyote itakayokuja? Maendeleo, haki, uzalendo na utandawazi ni mavazi yanayomkaa kila mtu kwa sababu hayakushonwa kwa kipimo cha mtu yeyote. Debe tupu haliachi kuvuma. Kosa la kanuni hii ni kulipa debe kikombe cha ushindi kwa uvumi wake.

Wapo wanaolaumu kura ya pande, wakisema kwamba kijana anayetetea asiloliamini hufundishwa unafiki. Lawama hiyo haina nguvu. Atakayelazimika kutetea upande wa jirani yake hujifunza kwamba jirani naye ana akili, na hilo ni somo la uraia. Lakini somo hilo hupatikana kwa yule aliyepata nafasi ya kuujua upande wa jirani. Asiyeujua huubuni tu, na jirani aliyebuniwa hamfundishi mtu kitu.

Mashindano haya hujiita ya kibunge. Basi na yapimwe kwa Bunge. Katika Bunge la Tanzania muswada hutangazwa kwanza katika Gazeti la Serikali. Husomwa mara ya kwanza pasipo kujadiliwa, kisha hupelekwa katika kamati, na kamati huwaita wenye kuhusika watoe maoni yao. Ndipo husomwa mara ya pili, na wabunge husimama kusema. Njia hii hufupishwa kwa hati ya dharura, na kila hati hiyo itumiwapo raia wenye macho huuliza: dharura gani? Mashindano ya wanafunzi yamechukua kilicho cha nadra bungeni yakakifanya sheria ya kila siku. Kila hoja huletwa kwa hati ya dharura, na hapana aulizaye dharura yenyewe iko wapi.

Madhara ya jambo hili huonekana vema pale hoja inapohusu mahali halisi. Tuseme mashindano yafanyika Magoma, katika Wilaya ya Korogwe, chini ya milima ya Usambara, na hoja ni hii: kwamba ardhi ya mashamba makubwa ya mkonge igawiwe wakulima wadogo. Katika dakika 15, Serikali itasema kwamba ardhi ni uhai na kwamba mkoloni alipora. Upinzani utasema kwamba shamba kubwa huleta fedha za kigeni na ajira. Mwamuzi atapima sauti, mpangilio na wepesi wa majibu, naye atampata mshindi. Lakini Magoma yenyewe haitakuwa imetajwa ila kwa jina.

Na wapewe wiki mbili vijana hao hao, na miguu yao. Watajua kwanza kwamba mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kwamba mashamba mengi ya zao hilo yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Watajua pia kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wadogo walianza kupewa maeneo ndani ya baadhi ya mashamba makubwa ya Tanga, na Magoma ni mojawapo. Kumbe jambo linalobishaniwa kama ndoto limekwisha kujaribiwa hatua chache kutoka ukumbini! Wakimwuliza mkulima, atawaambia kwamba mkonge hungojewa kama miaka mitatu kabla ya mkato wa kwanza, na katika miaka hiyo watoto hula. Atawaambia kwamba katika uzito wa jani, nyuzi ni kama sehemu nne tu katika mia. Tena jani likikatwa halingoji. Lisipofika upesi kwenye korona, mashine ya kuchambua nyuzi, limeharibika.

Hapo mjadala wote hugeuka. Aliye na shamba lakini hana korona hana ila nusu ya mali yake. Swali la nani amiliki ardhi huandamana na swali la nani amiliki mashine, nani apange zamu ya kuchambua, na nani apime. Hakuna ufasaha uwezao kuliotea swali hilo katika dakika 15, kwa maana halitoki katika ufasaha. Hutoka katika kuuliza.

Milima iliyo juu ya Magoma imekwisha kuona gharama ya kutouliza. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha Mlalo, Lushoto, mradi wa kuhifadhi udongo, na wakulima wakaamriwa kulima kwa matuta. Mabwana shamba waliujua mmomonyoko wa udongo; hawakuujua mgongo wa mwanamke aliyetakiwa kuyainua matuta yale juu ya kazi zake nyingine zote. Upinzani ukaenea, na kabla ya uhuru mradi ukaachwa. Waliouandaa hawakukosa elimu wala hoja. Walikosa kusikiliza.

Itajibiwa kwamba hoja ikitangazwa mapema, walimu watawaandikia wanafunzi hotuba, nao watazikariri kama kasuku. Hofu hii ni ya haki, ila dawa yake ipo tayari ndani ya mchezo. Upande na upigiwe kura asubuhi ya shindano, ili kila kundi lijiandae kwa pande zote mbili. Maswali ya mpinzani na yabaki, kwa kuwa kasuku hakaririshwi jibu la swali ambalo halijaulizwa. Tena itajibiwa kwamba raia yampasa kujua kusema papo kwa papo. Ni kweli, na itengwe duru moja kwa kazi hiyo. Hata bungeni maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu yana siku yake, na ajibuye ni mtu anayeishi na mambo hayo kila siku.

Kanuni zinazofaa, basi, si nyingi. Hoja itangazwe siku 14 kabla. Kila kundi litaje mbele ya majaji liliuliza nani na lilisoma nini. Takwimu isiyo na chanzo isihesabiwe. Msemaji akikiri kwamba mpinzani amesema kweli katika jambo fulani, asipunguziwe alama, bali aongezewe, kwa sababu amelipa mjadala deni lake.

Vijana wengi wa Magoma hawatafika Dodoma. Lakini kila mmoja wao atimizapo miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji chake, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano huo. Hilo ndilo bunge lao, na shamba linalojadiliwa mle ni la mtu anayejulikana kwa jina. Siku moja atasimama mgeni mwenye ramani na maneno matamu, akitaka jibu kabla jua halijatua. Kijana aliyefunzwa kwa dakika 15 atamjibu kwa maneno matamu zaidi, na wote watapiga makofi. Aliyefunzwa kwa siku 14 ataomba mkutano uahirishwe, kisha ataivaa kandambili yake na kwenda kuutazama mpaka.