Samaki wa Rufiji Nao Wahesabiwe

Iko kasumba miongoni mwa baadhi ya wataalamu wetu ya kuuona mto kuwa bomba tu: maji yaingie huku, umeme utoke kule, na yaliyobaki yamwagwe baharini. Wavuvi wa Mafia, ambao kisiwa chao kinatazamana na midomo ya Rufiji, wanajua kwamba mto una njia mbili.

Mkunga wa mtoni huzaliwa katika kina cha Bahari ya Hindi. Mtoto wake, mwembamba na angavu kama kioo, hupanda mto, huishi huko miaka mingi, kisha hurudi baharini kutaga na kufa. Kambamiti naye hutaga baharini, na watoto wake hukulia katika mikoko ya delta, inayolishwa na maji na tope la mto huo huo.

Mabwawa ya Kidatu (1975) na Mtera (1980) yaliufunga Ruaha Mkuu. Mwezi Desemba 2022 likaanza kujazwa Bwawa la Mwalimu Nyerere, lenye ukuta unaozidi mita 130, juu ya Rufiji wenyewe. Hakuna mzalendo anayetaka ukuta huo ubomolewe. Megawati 2,115 ni viwanda na ni taa za shule. Lakini kusema kwamba ngazi ya samaki haiwezi kuupanda ukuta mrefu kiasi hicho, na kwa hiyo shauri limekwisha, ni hoja ya mvivu. Huko Nyuzilandi, katika bwawa la Karapiro, watoto wa mikunga hunaswa chini ya ukuta na kupelekwa juu kwa gari. Kazi hiyo yataka mtego, tangi na mtumishi anayejali. Kuwateremsha wakubwa ni kugumu zaidi, maana mitambo huwakata. Hiyo ni sababu ya kuanza mapema, si ya kuacha.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka itengwe akiba ya maji kwa ajili ya binadamu na viumbe wa majini. Basi akiba hiyo ifuate majira ya mto, siyo mahitaji ya mitambo peke yake. Na ofisa anayejenga kalavati lililoning'inia juu ya kijito afahamu kwamba amewafungia samaki mlango.

Megawati zinahesabiwa kila siku. Mvuvi wa Kilindoni naye ni mwananchi. Samaki wake wahesabiwe katika daftari lile lile.