Chua shavu la mguu, kano iache

JICHO LA UWANJANI
Na Hamisi Ngoda

Msimu wa Kilimanjaro Marathon ukikaribia, wachuaji wa mitaani hawakosi kazi. Mkimbiaji anakuja akichechemea, anaonyesha nyuma ya kisigino, naye mchuaji anamimina dawa ya kuchua na kubinya palepale panapouma mpaka mteja atoe machozi. Wote wawili wanaamini machozi hayo ndiyo tiba. Mimi siamini.

Kano inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino ndiyo nene na imara kuliko zote mwilini. Ukikimbia, hubeba mzigo unaozidi uzito wako mara kadhaa. Lakini sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino damu hufika kidogo, na hapo ndipo huumia sana na kupona polepole. Kuibinya ikiwa imevimba ni kuichokoza. Mchuaji apande juu: shavu likilegea, maumivu hupungua. Kwa muda tu, maana kuchua hakujengi kano.

Kinachoijenga ni mzigo. Mwaka 1998 daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, alichapisha matokeo ya zoezi lisilogharimu hata shilingi. Unasimama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo, unashusha kisigino cha mguu unaouma taratibu, kisha unapanda kwa mguu mzima. Seti tatu za mara 15 goti likiwa limenyooka, tatu nyingine likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, wiki 12. Linachosha, ndiyo maana wengi wetu tunapendelea kulala kifudifudi tuchuliwe.

Kano ikikatika ni habari nyingine. Machi 2010 David Beckham, akiichezea AC Milan, alikatika bila kuguswa na mtu, akakosa Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Mara nyingi aliyekatika huhisi amepigwa teke kwa nyuma. Anageuka, hamwoni mpigaji. Huyo hachuliwi, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Hata baadaye, akiwa na plasta, shavu likivimba na kuuma, mikono ikae mbali: huenda damu imeganda ndani, na bonge likichomoka huenda mapafuni na kuua.

Viongozi wa timu za mtaani, mwambieni hayo mchuaji wenu kabla ya mechi ijayo.