Mkataba Usioeleweka Si Makubaliano

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Nami nauliza: je, ni haki deni hilo limfunge mtu asiyeielewa ahadi aliyoitia sahihi? Mtakapomaliza masomo, wengi wenu mtawekewa karatasi mezani: mkataba wa kupanga chumba, wa ajira, au wa kununua pikipiki kwa mkopo. Msimamo wangu ni kwamba mkataba ambao mtu wa kawaida hawezi kuusoma akauelewa ni mtego, hata kama kila neno lake limekubalika kisheria.

Historia yetu inalishuhudia hilo. Mwaka 1884, Mjerumani Carl Peters alipita Usagara na nchi za jirani, katika Tanzania ya leo, akiwafanya machifu watie alama zao kwenye hati za Kijerumani, lugha wasiyoijua. Februari 1885, serikali ya Ujerumani ilizitegemea hati hizo kutangaza himaya yake. Hadi leo, Watanzania wakijadili mkataba mbovu, hulitaja jina la Chifu Mangungo wa Msovero.

Hata hivyo, msidhani kwamba kuandika kwa Kiswahili peke yake ni dawa. Tazameni sentensi hii: "Mpangaji atamjulisha mwenye nyumba kabla ya kufanya ukarabati, naye atagharamia." Ni nani atakayegharamia? Mpangaji na mwenye nyumba wote wamo katika ngeli ya A-WA, kwa hiyo kiambishi a- hakituambii lolote. Mwandishi makini angesema: "Mpangaji atamjulisha mwenye nyumba kabla ya kuanza ukarabati. Mwenye nyumba ndiye atakayelipa gharama." Neno moja, ndiye, limezuia ugomvi.

Kauli ya kutendwa nayo huficha mengi. "Faini itatozwa": itatozwa na nani, kiasi gani, lini? Na mkataba ukisema malipo yafanyike "kabla ya saa kumi", msomaji wa Kiswahili ataelewa alasiri, ilhali aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiingereza aweza kufikiria asubuhi. Ongezeni neno "alasiri", na shaka itaondoka.

Wapo wanasheria wanaotetea maandishi mazito. Husema kwamba maneno ya kale yamekwisha kupimwa mahakamani, na kuyabadili ni kukaribisha kesi mpya. Hoja hiyo ina uzito wake. Maneno kama dhamana, fidia na riba yana maana maalumu, nayo yafaa yabaki, mradi yafafanuliwe. Lakini sentensi ya mistari tisa isiyo na nukta si istilahi ya sheria. Ni uzembe wa mwandishi, au ujanja wake.

Afrika Kusini ilithubutu. Sheria yake ya mwaka 2008 ya kuwalinda wateja inataka hati ziandikwe kwa lugha nyepesi, ambayo mteja wa kawaida, mwenye kiwango cha wastani cha kusoma na uzoefu mdogo wa bidhaa hiyo, ataielewa bila kutaabika. Mzigo wa kueleweka umewekwa begani mwa mwandishi.

Nasi tunaweza. Hapa Uganda, Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Tanzania nayo ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kwa hiyo mikataba ya Kiswahili itazidi kuandikwa, na baadhi ya waandishi wake watakuwa ninyi. Msiazime uzito wa lugha nyingine mkadhani ni heshima. Usahili si umaskini wa lugha: sentensi iliyonyooka, yenye neno linalostahili mahali panapostahili, ndiyo fasaha, nayo hupendeza kuisoma.

Kabla hamjatia sahihi popote, kiulizeni kila kifungu: nani atafanya nini, lini, na asipofanya itakuwaje? Kifungu kisipojibu, mwombeni aliyekiandika akieleze, kisha maelezo hayo yaandikwe ndani ya mkataba. Kuuliza si ujinga, na anayekasirishwa na swali lenu amekwisha kuwapa jibu.