Shaba inatoka. Akili ya mikono yetu nayo itoke?

Bandugu vijana wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi,

Kila siku tunaona makamiyo yanabeba shaba yetu kuelekea Kasumbalesa. Juu ya ile tumesema na tutaendelea kusema. Leo tunasema juu ya wizi mwingine, ule hauna kelele ya kamiyo: wizi wa miundo ya mafundi wetu.

Mwenzetu mmoja wa Katuba anatengeneza hereni za waya wa shaba na kipande cha malakiti katikati. Ile namna ya kuzungusha waya aliitafuta mwenyewe, miezi mingi. Akatia foto kwa Facebook. Kisha akakuta foto zilezile, vidole vyake vikionekana ndani, kwa ukurasa wa mtu mwingine, kwa nusu ya bei. Alipouliza, wakamujibu: "Acha makelele, ni kafoto tu."

Apana. Si kafoto. Ni chakula cha batoto.

Wengi banasema fundi mudogo hana haki juu hakuandikisha kitu. Ni uongo. Katiba yetu, kifungu cha 46, inalinda haki za watunzi. Sheria ya 5 Aprili 1986 inalinda kazi za sanaa. Na inchi yetu iko ndani ya Mapatano ya Berne: haki ya mtunzi inazaliwa siku kazi inatoka mukononi, bila kuomba karatasi kwa mtu.

Lakini tuambiane ukweli. Ile misalaba ya shaba, wakubwa wetu waliyotumia kama feza, ni ya sisi bote. Hakuna mutu anaweza kusema ni yake peke yake. Chako ni namna yako wewe ya kuichora na kuipamba. Na tena: siye wenyewe tunakopia jirani, tunasema "soko ni ya bote". Hatuwezi kulalamikia mwizi wa mbali wakati tunaiba pa nyumba.

Basi tufanye hivi:

– Chunga michoro yako na foto za kila hatua ya kazi, na tarehe, mbele ya kutangaza. Status ya WhatsApp inapotea kisha saa 24. Ile si ushahidi.

– Tia alama yako kwa kitu chenyewe. Jina lililo kwa foto, wanalikata na kidole kimoja.

– Onyesha kitu kilichomalizika, usionyeshe namna ya kukitengeneza.

– Ukikuta umeibiwa, usianze na matusi. Piga kwanza picha ya ekra, chunga na anwani ya ule ukurasa. Kisha jaza fomu ya malalamiko ya Facebook ao Instagram. Ni bure, haiombe avoka. Sheria ya Marekani ya 1998 inawasukuma kuondoa kazi iliyoibiwa wakijulishwa vizuri.

Na Serkali? Sheria ya 7 Januari 1982 inaruhusu kuandikisha muundo. Lakini mambo yote iko Kinshasa. Fundi anayeuza hereni atalipa tiketi ya ndege na nini? Sheria ambayo raia hawezi kuifikia ni kama kisima bila kamba.

Tunaomba Wizara ya Viwanda na ile ya Utamaduni:
1. Dawati la kuandikisha miundo katika kila provinsi;
2. Bei ambayo fundi mudogo anaweza kulipa;
3. Maelezo katika Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo, hapana Kifaransa tu.

Na wewe unayesoma kwa telefone yako: mbele ya kununua ao kusambaza, uliza "nani alitengeneza?" Kama muuzaji hana jibu, usinunue, usisambaze.

Madini yetu tulichelewa kuyalinda. Kazi ya mikono yetu, tusichelewe.