Area 49: Mgeni aliyepewa jembe asinyang'anywe

Katika Jiji la Lilongwe, Area 49 ni kati ya mitaa ambayo mfanyabiashara kutoka Mbeya, Bukavu au Bujumbura anaweza kuuliza bei kwa Kiswahili na akajibiwa. Ni mtaa unaokua, na mtaa ukikua hubadilika: nyumba zinajengwa, fremu za maduka zinaongezeka, na pango linapanda. Swali linalofuata ni nani mwenye haki ya kubaki hapo.

Lilongwe ina wageni wa aina mbili. Yupo wa mkataba, mtumishi wa ubalozi au shirika la kimataifa, ambaye hupanga Area 10 au Area 43 na kuitwa mtaalamu. Yupo pia aliyekuja kwa kukimbia vita, akaanza na meza ya sabuni na vitenge, kisha akafungua duka. Huyu huitwa mkimbizi hata akiwa ameishi Malawi miaka 20. Wote hulipa pango na kununua nyanya kwa mama yule yule sokoni, lakini ni mmoja tu anayeambiwa arudi kambini.

Kambi hiyo ni Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Lilongwe. Enzi za Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafunguliwa kambi iliyokusudiwa watu wapatao 10,000, ambayo sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini ikaweka masharti kuhusu uhuru wa kutembea na kufanya kazi. Kwa hiyo, kisheria, duka la mkimbizi mjini husimama kwa hisani.

Machi 2023 hisani hiyo iliondolewa. Serikali iliwataka wakimbizi wote walioko mijini na vijijini warudi Dzaleka kabla ya Aprili 15. Mei, polisi walianza kuwakusanya. Maduka yalifungwa, na baadhi ya watu, wakiwamo watoto, walipitishwa Gereza la Maula kabla ya kufikishwa kambini.

Serikali ilitaja usalama wa taifa, na wapo wafanyabiashara wazawa waliolalamika kwamba wageni wanawaziba riziki. Malalamiko hayo hayapaswi kubezwa. Pango likipanda, wa kwanza kuhama ni mwenyeji wa kipato kidogo. Lakini pango hilo hupangwa na mwenye nyumba, na kumfukuza mpangaji wa kigeni hakumpi mzawa mtaji wala hakumshushii kodi. Anachopoteza ni duka la jirani lililomkopesha unga na kuajiri kijana wake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wa Area 49 hakusubiri kupewa, alilitafuta mwenyewe. Kumnyang'anya na kumrudisha kwenye foleni ya mgawo ni kumgeuza mlipaji kuwa mzigo, tena wakati misaada ya chakula inapungua.

Malawi haiko peke yake. Tanzania nayo huwataka wakimbizi wakae kambini. Uganda ilichagua njia nyingine: sheria yake ya 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi, na nchi hiyo inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni moja. Mfano upo jirani.

Kanda imekwisha kusema inataka kufungamana. SADC ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2019, na Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mwaka 2025, Malawi na Tanzania zilipowekeana marufuku ya mazao, mazungumzo ndiyo yaliyofungua tena njia ya Kasumulu. Kama mahindi na ndizi vinastahili kikao cha mawaziri, mwenye duka anayeuza bidhaa hizo anastahili pia.

Lilongwe itoe kibali cha kazi na leseni kwa mkimbizi mwenye biashara inayojulikana, imtoze kodi kama wengine, na anayevunja sheria ashtakiwe yeye, si taifa lake. Wageni nao wajisajili, wajifunze Kichewa, na washirikiane na wazawa badala ya kujifungia kwenye umoja wa kabila.

Mfanyabiashara wa mpakani asidhani hili halimhusu. Aliyetoa mzigo kwa mali kauli anajua kuwa duka likifungwa Lilongwe, deni halilipwi Tunduma. Na yeye mwenyewe, akishavuka daraja la Songwe, ni mgeni.