Nafasi za Wakutubi Zipande Mlimani

Mji wa Morogoro na viunga vyake una maktaba ambazo mikoa mingi ya nchi hii ingefurahi kuwa nazo. Ipo Maktaba ya Mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ipo Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, ijulikanayo kwa kifupi SNAL, ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambayo kwa sheria ya mwaka 1991 ilipewa dhamana ya kuwa maktaba ya kilimo ya Taifa zima. Ipo maktaba ya Chuo Kikuu Mzumbe, na zipo nyingine za vyuo vya ualimu na vya fani mbalimbali. Juu ya maktaba hizo zote imesimama Milima ya Uluguru, pamoja na shule na vijiji vya Mgeta, Bunduki, Matombo na Kinole. Mtu aliyesimama nje ya SNAL huiona milima hiyo wazi. Lakini habari zinazotoka katika maktaba za mjini huchelewa mno kufika mlimani, na nyingine hazifiki kabisa.

Miongoni mwa habari hizo ni zile za Chama cha Wakutubi Tanzania. Chama cha kitaaluma cha namna hiyo ndiyo njia ambayo wakutubi hupashana habari za mikutano, mafunzo ya muda mfupi, nafasi za masomo, ufadhili wa safari na misaada ya vitabu. Wanaofanya kazi katika maktaba kubwa huzipata habari hizo mapema, kwa kuwa wanakaa karibu na zinakotoka. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu huko Bunduki hazipati. Hahesabiwi kuwa mkutubi, na pengine yeye mwenyewe hajihesabu hivyo. Hata hivyo ndiye mkutubi pekee ambaye watoto wa kijiji chake wanaweza kumwona kila siku.

Kutofika kwa habari hizo si jambo dogo, na historia ya ukutubi katika nchi hii inaonyesha sababu yake. Chama cha Wakutubi cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1957, wakati maktaba za umma zilikuwa chache na nyingi zikiwahudumia wageni na watu wachache wa mijini. Baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius K. Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwaka huo huo wa 1967 ndio ulioleta Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Haikuwa sadfa kwamba mambo hayo yalikwenda pamoja. Taifa lililoamua kujitegemea lilihitaji wananchi wanaoweza kujisomea bila kungoja mtu wa kuwasomea.

Kazi iliyofuata inajulikana. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1971 TANU iliazimia kuufuta ujinga huo, na kisomo cha watu wazima kikaenea vijijini, kikifundishwa na walimu, watumishi wa serikali na hata wanafunzi. Vijiji vikaanzishiwa maktaba ndogo ili waliojua kusoma wasisahau. Ilipofika mwaka 1986, hesabu za Serikali zilionyesha kuwa wasiojua kusoma walikuwa wamebaki chini ya 10 katika kila 100. Dunia iliisifu Tanzania kwa kazi hiyo.

Sensa ya mwaka 2012 ilitoa picha nyingine. Watu wazima wapatao wawili katika kila 10 walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Sababu ni nyingi, zikiwamo matatizo ya uchumi ya miaka ya 1980 na watoto waliokosa shule. Lakini mojawapo inahusu maktaba moja kwa moja. Maktaba nyingi za vijiji zilikosa vitabu vipya, kisha zikakosa watunzaji, na mwishowe zikafungwa. Mtu aliyejifunza kusoma kwa kitabu kimoja cha kisomo, naye asipate kitabu cha pili, husahau. Kununua vitabu peke yake hakutoshi, lazima awepo mtu anayevijua, anayevitunza na anayevitoa. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na vitabu ni mali.

Hapo ndipo nafasi zinazotangazwa na chama cha wakutubi zinapopata uzito. Mwalimu akipata mafunzo ya wiki mbili tu, anaweza kujua namna ya kuandikisha vitabu vinavyopokelewa, kuvipanga kwa masomo, kuweka daftari la kuazima, kushona kitabu kilichoachana na kuendesha saa ya kusoma kwa watoto wa madarasa ya chini. Akitaka kuendelea, kipo Chuo cha Ukutubi cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1989 chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, kinachotoa mafunzo ya cheti na stashahada. Mwalimu asiyepata habari kwamba mafunzo hayo yapo, au anayezipata baada ya siku ya mwisho ya maombi kupita, hawezi kulaumiwa kwa kutojiendeleza.

Kuna pia uwanja mpana zaidi wa nchi jirani. Baada ya kuvunjika kwa chama cha Afrika Mashariki, wakutubi wa eneo hili hawakutengana. Walianzisha mkutano wa kudumu wa wakutubi wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ujulikanao kwa kifupi SCECSAL. Mkutano wao wa kwanza ulifanyika Dar es Salaam mwaka 1974, na mji huo ukawapokea tena mwaka 2006. Mwaka 1984 Nairobi nayo iliwapokea wakutubi wa dunia nzima katika mkutano wa shirikisho lao la kimataifa, IFLA. Mikutano ya namna hii huzungumzia maktaba za vijijini, lugha za wenyeji na usomaji wa watoto. Ni haki kuuliza ni mara ngapi aliyekwenda kuzungumzia maktaba ya kijiji ametoka kijijini, na aliyekwenda akarudi, taarifa yake ilisomwa na nani. Taarifa ya mkutano ikibaki katika jalada la ofisi, nauli na posho zitakuwa zimemnufaisha msafiri peke yake.

Watu wa Uluguru wana sababu ya pekee ya kulijali jambo hili, kwa kuwa wanajua gharama ya elimu isiyofikishwa vizuri. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milima hiyo kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kuhifadhi udongo lilikuwa jambo jema. Lakini mpango uliletwa kwa amri na faini, na haukusikiliza wakulima walioona kwamba katika sehemu nyingi matuta hayo yalifukia udongo mzuri wa juu na kuacha juu udongo usiozaa. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo waliupinga hadharani, ukatokea mgogoro mkubwa, na mpango ukaachwa. Upande wa Mgeta, hata hivyo, matuta yalifaa kilimo cha mboga, na wakulima wa huko wanayatumia mpaka leo. Ujuzi mmoja ulikataliwa upande mmoja na kupokewa upande mwingine wa milima ile ile. Mkulima huupokea ujuzi akiweza kuuchunguza, kuulinganisha na shamba lake, na kuchagua linalomfaa.

Maktaba ndiyo inayompa mtu nafasi ya kuchunguza na kuchagua. SNAL imekusanya maandiko mengi ya Kiswahili kwa ajili ya mkulima, na mengine yamewekwa katika mtandao wa intaneti, ambapo mtu anaweza kuyasoma bila malipo ya kitabu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa Mgeta walianza kufuga mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, na ufugaji huo ukashika mizizi. Mfugaji wa leo mwenye swali juu ya ugonjwa wa mbuzi, au mkulima wa kabichi mwenye swali juu ya wadudu, ana jibu lililoandikwa na kuhifadhiwa chini ya mlima anaoishi. Anachokosa ni mtu wa kijijini anayejua jibu liko wapi na namna ya kulipata. Mwalimu wa maktaba aliyefundishwa angekuwa mtu huyo, kwa mwanafunzi mchana na kwa mzazi jioni.

Wapo watakaosema kwamba chama cha kitaaluma ni cha wataalamu, na kwamba kumfungulia mlango mwalimu asiye na cheti cha ukutubi ni kuishusha taaluma. Hoja hiyo haina nguvu. Daktari hakushushwa cheo kwa kuwapo mhudumu wa afya wa kijiji, bali mikono yake iliongezeka. Taaluma inayojifungia mjini hujipunguzia yenyewe watu wa kuitetea. Siku bajeti ya maktaba itakapopunguzwa, watakaosimama kuitetea ni wananchi waliowahi kuazima kitabu, na wengi wa wananchi wa mkoa huu, uliohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni tatu katika sensa ya mwaka 2022, wanaishi mbali na Maktaba ya Mkoa.

Wapo pia watakaosema kwamba fedha hazitoshi. Ni kweli hazitoshi. Lakini mambo yanayotakiwa kwanza hayahitaji fedha nyingi. Tangazo la mafunzo likiandikwa kwa Kiswahili fasaha, katika ukurasa mmoja, likieleza nani anaweza kuomba, lini na kwa nani, linaweza kupelekwa kwa Maafisa Elimu Kata na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za shule, ofisi za vijiji na matawi ya Chama Cha Mapinduzi. Siku hizi simu ya mkononi hufikisha tangazo Matombo katika dakika ile ile linapotoka mjini. Kinachokwamisha mara nyingi ni umangimeza, yaani tabia ya kukalia barua mpaka siku yake ipite, au ya kumgawia nafasi yule aliyeketi meza ya jirani.

Kwa hiyo kila mmoja ana wajibu wake. Chama cha Wakutubi kinapaswa kuwapokea walimu wa maktaba za shule kuwa wanachama kwa ada wanayoimudu, na katika kila mafunzo kutenga nafasi kwa wanaotoka vijijini. Kila mwanachama anayegharimiwa kwenda mkutanoni atakiwe kuandika taarifa fupi ya Kiswahili na kwenda kuieleza walau katika kata moja. Maktaba ya Mkoa, SNAL na maktaba ya Mzumbe zina wakutubi waliosoma na kubobea. Zikishirikiana, zinaweza kuwakusanya walimu wa maktaba wa tarafa moja wakati wa likizo na kuwafundisha, bila kungoja mfadhili wa kutoka ng'ambo.

Halmashauri za Wilaya za Morogoro na Mvomero, ambazo zimegawana sehemu kubwa ya milima hiyo, zinapaswa kujua kila shule ina vitabu vingapi vya ziada na vya kusoma, viko wapi, na nani anavitunza. Mwalimu Mkuu anayemruhusu mwalimu wake kwenda kwenye mafunzo ajue kwamba hapotezi mtu, na anayevifungia vitabu kabatini kwa hofu ya kuchakaa akumbuke kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi kiliyonunuliwa. Mchwa na unyevu wa milimani huharibu vitabu vilivyofungiwa pasipo kumfaidia mtoto yeyote. Viongozi wa Chama wa kata na matawi, wanapokagua maendeleo ya shule, wasiishie kuuliza idadi ya madarasa na madawati. Waulize pia ni watoto wangapi walioazima kitabu mwezi uliopita, na daftari la kuazima waonyeshwe.

Walimu nao wasikae wakingoja kuitwa. Anayetunza kabati la vitabu ashuke Maktaba ya Mkoa anapokwenda mjini kwa shughuli nyingine, ajitambulishe, aulize mafunzo yaliyopo na namna ya kujiunga na chama. Akirudi, awaeleze wenzake wa shule za jirani. Wakutubi wa kwanza wa Taifa hili walianza na watu wachache na vitabu vichache, na katika miaka michache walikuwa wamefungua maktaba katika mikoa mingi na kupeleka vitabu kwa posta kwa wasomaji wa mbali.

Mkoa wa Morogoro hauna upungufu wa vitabu kama ilivyo mikoa mingine, wala haukosi wataalamu. Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam hupata maji mengi kutoka Uluguru, na vijiji vya milimani huyatoa maji hayo kila siku kwa ajili ya watu wa bondeni. Ni haki ya vijiji hivyo kupata kutoka bondeni elimu iliyohifadhiwa huko kwa fedha za umma. Chama cha Wakutubi kianze na tangazo lijalo, na walimu wa Mgeta, Bunduki, Matombo na Kinole walipate kabla siku ya maombi haijapita.