Simu Wodini: Tuhesabu Umbali

Katika baadhi ya hospitali, tangazo la ukutani humwamuru kila aingiaye azime simu yake, wala halimwelezi sababu. Amri isiyoelezwa haidumu. Kwa maoni yangu, yafaa mahali pake pachukuliwe na kanuni ya umbali, na somo la fizikia katika shule za sekondari ndilo lenye kuieneza.

Simu ya mkononi ni redio inayopokea na kutuma. Mawimbi yake yakikuta waya za mashine ya kupimia mapigo ya moyo, huzaa humo mkondo mdogo wa umeme usiotakiwa. Umeme wa moyo unaopimwa juu ya ngozi nao ni hafifu, kama sehemu moja ya elfu ya volti. Hivyo mashine yaweza kuonyesha mapigo yasiyokuwapo.

Wengi hudhani kuwa hatari ni kubwa zaidi mjini, karibu na minara. Kumbe ni kinyume. Simu ya kizazi cha pili, katika masafa ya megahezi 900, hutuma kwa nguvu ndogo sana ikiwa karibu na mnara, lakini mnara ukiwa mbali au umefichwa na mlima, nguvu hiyo hupanda hadi wati 2. Tazama ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kutoka Kyela hadi Matema, ambako Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Popote penye kivuli cha mlima kama huo, simu hupaza sauti ili isikike. Wodi ya kijijini, basi, yahitaji uangalifu kuliko ya mjini.

Hata hivyo, tusiitie simu chumvi. Mwaka 1997 wakala wa vifaa vya tiba wa Uingereza ulitoa matokeo ya majaribio yake: kwa umbali wa mita 1, simu za mkononi zilivuruga asilimia 4 ya vifaa, ilhali redio za mkononi za watumishi wa dharura zilivuruga asilimia 41. Anayemnyang'anya mgonjwa simu, kisha akamwacha askari mwenye redio asimame kando ya kitanda, hajalinda kitu.

Tena simu huokoa maisha. Bonde la Kyela hufurika wakati wa masika, na mama mjamzito aliyezidiwa usiku hutafutiwa usafiri kwa kupiga namba 115 ya mpango wa m-mama. Muuguzi asiye na simu ni muuguzi aliyefungwa mikono.

Tufanyeje? Kanuni ya fizikia yatuongoza: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mawimbi hubaki robo. Anayesogea kutoka nusu mita hadi mita 2 ameipunguza mara 16. Basi mwenye simu na akae mita 2 kutoka kwenye mashine, mwenye redio azungumzie nje ya wodi, na aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo aweke simu angalau sentimita 15 kutoka kifuani.

Walimu, chukueni redio ya kawaida na simu ya kizazi cha pili, mpige simu, kisha wanafunzi wapime kwa rula ni wapi mkwaruzo unapokoma. Mwanafunzi aliyeusikia mkwaruzo huo atajua kwa nini anarudi nyuma, na atamweleza mzazi wake siku watakapokwenda kumjulia hali mgonjwa.